Karatasi Isiyo na Kichwa

Wiki iliyopita katika safu hii niliwaacha mlangoni pa kibanda changu, binti amesimama na karatasi mkononi, nami nimeshika saa ya mtu na kibano. Baadhi yenu mmeniandikia niache kuzungukazunguka, niseme nilifanya nini. Mna haki. Leo nasema.

Kwa aliyekosa ya nyuma: mimi ni fundi saa. Shule niliiacha darasa la nne. Mwandiko nilijifunza mwenyewe, kwa kunakili vile vikaratasi vya maelezo vinavyokuja ndani ya boksi la saa mpya. Kwa ajili ya mwandiko huo watu walinichagua mwenyekiti wa kamati ya mtaa, na kwa kuwa vikao vyangu huanza saa ile ile niliyotangaza, wakanibandika jina la Mzee Dakika.

Mwaka huu chuo kilitutafuta sisi viongozi wa mitaa tuwalee wanafunzi wao katika uongozi wa uadilifu. Kila mlezi na mwanafunzi wake, wiki kumi na mbili. Mimi nilipewa msichana wa mwaka wa tatu. Wenzake wanamwita Kwanini, maana neno hilo halimtoki mdomoni.

Somo la kwanza nililompa ni hili: kichwa kwanza, majina baadaye. Usimpe mtu karatasi ya mahudhurio atie sahihi kabla hujaandika juu yake ni kikao gani, cha siku gani, kuhusu nini. Alilinakili kwenye daftari lake, akalipigia mstari mara mbili.

Wiki hiyo hiyo Mratibu wa chuo alituita walezi, akamgawia kila mmoja fomu kumi na mbili za tathmini. Tuzitie sahihi zote siku ile, akasema, ili wasitusumbue wazee kila mara. Kila Ijumaa tungepiga simu kueleza mwanafunzi anaendeleaje, na ofisi yake ingejaza.

Kwanini alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu.

"Mzee, kwa nini unatia sahihi mahali patupu?"

"Hii ni ya chuo, mwanangu. Si ya mtaa."

Akacheka. Nami nikacheka.

Haya, sasa karatasi.

Aliiweka juu ya kioo cha meza yangu, katikati ya akrabu za saa na skrubu ndogondogo. Nilikuwa nimempa ufunguo wa kabati la mtaa, achambue mihtasari ya zamani anitafutie makosa. Ndiyo kazi niliyomwachia.

"Mzee, niazime hiyo lenzi."

"Ya nini?"

"Utaona."

Akaibandika jichoni, akainamia karatasi kama kuku aliyeona punje.

"Majina arobaini na matatu. Mistari umepiga wewe, mistari yako naijua, imenyooka kama uzi wa fundi mwashi. Sasa tazama majina. Yamelowa. Wino umetawanyika, la kumi na mbili halisomeki kabisa. Kweli si kweli?"

"Kweli."

"Tazama kichwa."

Sikuwa na haja ya kutazama. Kichwa kilisema: Wakazi waliokubali uwanja wa shule ya msingi utumike kupanua karakana ya mbao. Kilipita juu ya madoa ya maji, kutoka doa hadi doa, na wino wake haukutawanyika hata herufi moja.

"Kimeandikwa karatasi ikiwa imeshakauka," Kwanini akasema. "Na mwandiko si wako. Mzee, watu hawa hawakukubali kitu. Walitia sahihi karatasi tupu."

Ndivyo ilivyokuwa. Ni miaka sita sasa.

Tulikutana darasani, bati linavuja. Karatasi ikazunguka kabla kikao hakijaanza. Kichwa nilizoea kukiandika nyumbani baadaye, kwa utulivu, kwa mwandiko wa kuringia. Wengine huringia viatu.

Kisha mvua ikalipiga bati mpaka mtu hasikii kikohozi chake mwenyewe. Nikaahirisha kikao kwa kupunga mkono, tukatawanyika. Hatukujadili hata neno moja.

Kesho yake akapita kibandani Bwana Mbao, mwenye karakana. Urafiki wetu ni wa tangu tunavaa kaptula.

"Nipe ile karatasi ya jana nimpelekee katibu wa kamati," akasema. "Jasho la watu lisipotee bure."

Nikampa. Baada ya wiki mbili ilirudi kwenye jalada ikiwa na kichwa.

Nilikisoma. Nikaikunja karatasi, nikaifungia kabatini.

Ukuta ukapanda. Watoto waliokuwa wakikatiza uwanjani kwenda shule wakaanza kuzunguka barabara kuu. Mwaka wa pili lori likamgonga mmoja. Hakufa. Anatembea kwa magongo. Mama yake anauza mkaa hatua chache kutoka kibandani kwangu, na kila asubuhi hunisalimu kwa heshima zote: "Shikamoo, Mwenyekiti."

Na kila asubuhi mimi huitikia.

Kwanini akaivua lenzi. Macho yake yalikuwa yamejaa huruma, na huruma yote ilikuwa yangu.

"Wamekuibia, Mzee," akasema. "Waliichukua karatasi yako bila wewe kujua."

Hapo ndipo lilipo kosa langu la pili, nami nalihesabu kuwa kubwa kuliko la kwanza. La kwanza nililifanya kwa majivuno na uzembe. Hili nililifanya nikiwa macho.

"Kumbe!" nikasema.

Neno moja tu. Mtoto wa watu akaliamini.

"Usijali," akasema. "Ijumaa ni siku ya kufunga, kila mwanafunzi anasoma ripoti yake mbele ya wote. Mimi nitasoma hii. Na nimeandika kurasa tatu juu yako wewe. Mzee anayefundisha kichwa kwanza, kumbe mwenyewe alishaumwa na nyoka!"

"Ungeiacha kwanza, mwanangu."

"Kwa nini?"

Kila jibu la kweli lingenivua nguo. Nikamwambia aitunze karatasi isilowe tena.

"Na ufunguo?"

"Kaa nao."

Ripoti ziliwasilishwa kwa Mratibu Jumanne. Jumatano mchana Bwana Mbao alikuwa mbele ya meza yangu. Yeye ndiye aliyechaguliwa kuwaongoza walezi wote. Hakuna ripoti wala fomu ya ofisi ya Mratibu isiyopita kwake.

"Dakika, saa yangu imekufa."

Nikaifungua. Ilikuwa inatembea kama kawaida.

"Ni nzima hii."

"Basi nimekuja kukutazama wewe kama u mzima." Akavuta benchi, akakaa. "Huyu binti yako ana maneno."

"Ana maswali."

"Maswali ni maneno hayo hayo, yamevaa tai tu." Akacheka peke yake. "Nakuomba mistari miwili kwenye fomu yake ya mwisho. Kwamba alifungua kabati la mtaa bila ruhusa yako. Hatafungwa, hatapigwa. Atakosa cheti, arudi kwao, ajifunze adabu."

"Ufunguo nilimpa mimi."

"Nani anajua?"

"Mimi."

"Wewe unajua mengi, ndugu yangu. Hata karatasi ile ilivyofika mikononi mwangu unajua. Miaka sita unajua, na hukuumwa hata jino."

Nikashika kibano, nikakiweka chini.

"Mkeo aliposhikwa na uchungu wa mapacha wale," akaendelea taratibu, "gari la nani lilimpeleka hospitali?"

"Lako."

"Nilikuuliza swali hata moja?"

"Hukuniuliza."

"Basi."

Sitamtukana mtu huyu katika gazeti. Siku ile alizimwaga mbao za wateja barabarani, zote, ili mke wangu apate pa kulala garini. Aliyefanya hivyo na aliyeandika kile kichwa ni mtu mmoja, na mpaka leo sijui kuwatenganisha.

Lakini nilimwambia, "Siandiki."

Nilingoja apandishe sauti. Hakupandisha. Aliivaa saa yake, akaifunga kamba polepole.

"Sawa," akasema. "Usiandike. Wala huna haja."

Sikumwelewa. Nilijiona shujaa. Nilirudi nyumbani kifua mbele kama jogoo aliyeshinda, hajui kwamba kisu kinanolewa.

Ijumaa asubuhi mke wangu alikuwa akinipigia pasi koti. Ni koti la harusi yetu. Kifungo cha chini hakifiki tena kwenye tundu lake, naye hupenda kunikumbusha.

"Leo nitasema," nikamwambia.

"Utasema nini?"

"Habari ya uwanja wa shule. Kwamba Mbao alichukua karatasi..."

"Kwamba Mbao." Akaisimamisha pasi. "Na kwamba wewe?"

Nikainama kufunga kamba za viatu.

"Baba Mapacha, jina la saba kwenye karatasi ile ni la nani?"

Lilikuwa lake. Miaka sita nililikwepa jina hilo. Kila nilipolikumbuka jalada lile niliruka kutoka la sita hadi la nane.

"Nilitia sahihi bila kuuliza kwa sababu karatasi ilikuwa yako," akasema. "Ingekuwa ya mtu mwingine ningeuliza. Ukuta ulipopanda, nikajua. Nikajiambia, mume wangu ni mtu wa taratibu, atasema tu. Mwaka ukapita. Mtoto akagongwa. Nikasema sasa atasema. Nikinunua mkaa kwa yule mama huwa natazama chini, anadhani nachagua vipande."

"Mbona hukuniambia, Mama Mapacha?"

"Nikuambie jambo unalolijua?"

Akanivalisha koti, akajaribu kifungo cha chini, akakiacha.

"Nenda. Na ukisimama, anza na wewe. Wengine watafuata wenyewe."

Ukumbi wa chuo ulijaa. Walezi tuliwekwa mstari wa mbele, kila mtu na chupa yake ya maji. Bwana Mbao alikuwa kulia kwangu. Alinisogezea kiti vizuri.

Nilipogeuka nyuma nilimwona mama wa mkaa mstari wa mwisho, amevaa nguo zake za kutokea, na mtoto wake kando, magongo yameegeshwa ukutani. Kwanini alikuwa amewaalika. Mama akanipungia mkono.

Utaratibu ulikuwa huu: kabla mwanafunzi hajasoma ripoti yake, Mratibu husoma tathmini ya mwisho kutoka kwa mlezi. Wakasomewa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mwaminifu, anawahi, anasikiliza wakubwa. Wa nne naye mwaminifu, anawahi, anasikiliza wakubwa. Nilipanga kwamba akifikiwa binti yangu, Mratibu akimaliza tu kusoma, nisimame mimi kabla yake.

Mratibu, mtu mpole mwenye tai iliyopinda, akaita jina lake. Kwanini akasimama, amebeba faili kifuani kama anabeba mtoto. Akanitazama, akatabasamu.

Mratibu akakunjua fomu ya wiki ya kumi na mbili.

Ndipo nilipokumbuka. Wiki kumi na moja nilipiga simu. Ya kumi na mbili nilikuwa sijapiga.

"Mwanafunzi huyu," Mratibu akasoma, na sauti yake ikapungua kadiri alivyoendelea, "alifungua kabati la nyaraka za mtaa bila ruhusa yangu na kuchukua karatasi isiyo yake. Nilimwonya, hakusikia. Sioni kwamba anafaa kuwa kiongozi. Sipendekezi apewe cheti."

Walezi wenzangu wakageuka kunitazama.

Mratibu akashuka jukwaani na ile fomu. Naamini hata yeye hakujua aliyeijaza; karatasi za ofisi yake zilipita mikono mingi. Akainama mbele yangu, akanishikisha kipaza sauti.

"Mzee, jambo hili ni zito. Linamwondoa chuoni. Lazima nithibitishe mbele ya wote. Sahihi hii ni yako?"

Nikaitazama. Mkia wake umejikunja kama ninavyoukunja siku zote. Mistari ya juu ilikuwa ya mwandiko mwingine. Mwandiko huo niliujua. Niliuona miaka sita iliyopita, juu ya madoa ya mvua.

Mimi ni mtu wa kujibu swali kama lilivyoulizwa. Ndivyo nilivyojifundisha.

"Sahihi ni yangu," nikasema, "lakini..."

Kipaza sauti kikanitoka mkononi. Bwana Mbao alikichukua kwa mikono miwili, kwa adabu, kama mtu anayempokea mzee mzigo.

"Ndugu zangu," akasema, "si rahisi kusema ukweli juu ya mtoto unayempenda. Mzee Dakika amefanya hivyo mbele yetu leo. Uadilifu ndio huu. Tumpigie makofi!"

Wakapiga. Ukumbi mzima ulisimama. Walezi wenzangu wakanipiga mabegani.

Nilisema yaliyobaki, nawaapia nilisema. Sauti yangu ni ndogo. Maisha yangu yote watu wameisifia upole wake, na siku ile ilifika kwenye meno ikaishia hapo.

Kwanini alikuja mbele akipita katikati ya makofi. Hakulia. Akapiga goti mbele ya kiti changu, mtu wa mbali angedhani anaomba radhi.

"Ufunguo ulinipa wewe, Mzee."

"Ndiyo."

"Sasa kwa nini?"

"Ile fomu niliitia sahihi ikiwa tupu. Ulikuwapo. Uliniuliza."

Akafumba macho kidogo. Alipoyafumbua hayakuwa yanatazama fomu tena. Yalikuwa kwenye faili lake.

"Na hii?" akauliza polepole. "Hii nayo?"

Makofi yalikuwa bado yanaendelea. Ningeweza kusema "kumbe" mara ya pili.

"Sikuibiwa," nikasema. "Nilimpa kwa mkono wangu. Kichwa nikakiona. Nikanyamaza."

Hilo ndilo ungamo langu. Miaka sita nimelibeba, na aliyelisikia kwanza ni mtu mmoja, yule ambaye hakustahili kulisikia siku hiyo.

Alifungua faili. Akatoa zile kurasa tatu alizoandika juu yangu, akazikunja mara mbili, akazitia mfukoni mwake. Kisha akaniwekea mapajani ufunguo wa kabati. Juu ya ufunguo akaweka karatasi ya majina arobaini na matatu.

"Nilikutunzia isilowe," akasema.

Akainuka, akapita njia ya katikati mpaka mlangoni. Wanafunzi walimpisha kama anayepita na moto. Mlango ukajifunga nyuma yake, na makofi yakaisha.

Mkono ukaja mbele yangu, kiganja juu. Ulikuwa wa Bwana Mbao.

"Nipe hiyo, Dakika," akanong'ona. "Tuyamalize. Umeshafika, usirudi nyuma."

Ilikuwa karatasi yenyewe. Hapakuwa na nakala. Bila hiyo, binti yule ni mwizi na uwanja ni wake Mbao milele. Vidole vyangu, nasema kweli, vilianza kuikunja kwa ile mikunjo yake ya zamani.

"Mwenyekiti."

Mama wa mkaa alikuwa amefika mbele. Sikumwona akija.

"Mwenyekiti, shikamoo. Mimi sikusoma, unajua. Yule binti aliniambia nije leo, kuna karatasi ina dole gumba langu." Akaielekeza kwa kidevu. "Nadhani ni hiyo. Nisomee. Nilikubali nini?"

"Mama, kaa," Bwana Mbao akasema. "Mzee amechoka."

"Sijakuuliza wewe, baba. Namuuliza Mwenyekiti wangu."

Mstari wa kwanza hadi wa mwisho, watu walikuwa wametulia tena wakisikiliza. Safari hii sikuhitaji kipaza sauti.

Kiganja cha Bwana Mbao kilikuwa bado mbele yangu. Nikaikunjua karatasi juu ya goti. Dole gumba lake lilikuwa namba kumi na tisa, limetawanyika kwa tone la mvua. Jina la saba lilikuwa pale pale lilipo siku zote. Nikavaa miwani.

Nyuma kabisa ya ukumbi mtoto alichukua magongo yake ukutani, akaanza kumfuata mama yake. Nikayasikia yakigonga sakafu, moja, jingine, moja, jingine. Yalikuwa yanakuja taratibu. Kutoka mstari wa mwisho hadi kwenye kiti changu nilikadiria dakika nzima, nami katika kukadiria muda sijawahi kukosea.

Nikafungua mdomo, nikaanza na mimi.